Kompyuta ya familia: Ununue iliyokamilika au uunganishiwe vipuri?

SAA mbili usiku, mtoto wa darasa la sita amejikunja kwenye kochi, simu ya mama yake ikikaribia kugusa pua. Anasoma kitabu cha sayansi kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Meseji zinaingia, simu inaita, somo linakatika. Mama anataka simu yake, mtoto anataka kumaliza ukurasa.

Katika nyumba nyingi, hapo ndipo wazo la kununua kompyuta ya mezani linapoanzia. Kwa afya ya mtoto ni wazo zuri. Kioo hukaa mbali zaidi na macho, shingo hainami kama kwenye simu, na ikiwekwa sebuleni kila mtu anaona kinachoangaliwa.

Ugumu huanza dukani. Ukiingia Kariakoo, Dar es Salaam, muuzaji atakuonyesha mashine iliyokamilika, mara nyingi ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini. Fundi wa pembeni naye atakwambia umpe hela akuunganishie vipuri vipya. Fedha yenyewe imetoka kwenye kikoba au imebanwa pembeni ya ada. Ukikosea, huna nyingine.

Iliyokamilika

Faida yake kubwa ni utulivu. Unaiona ikiwaka, unaijaribu, unapewa risiti moja na dhamana ya duka moja. Ikisumbua, unajua wa kumrudia.

Kasoro yake ni umri, ambao hauonekani kwa macho. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Mashine nyingi za mtumba ni za nyuma ya hapo. Zinawaka na kufanya kazi, lakini kadiri zinavyokosa marekebisho ya usalama ndivyo zinavyokuwa rahisi kuingiliwa na wahalifu wa mtandaoni.

Kutambua kizazi si kazi ngumu. Soma namba ya prosesa baada ya kistari: i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8500 ni cha nane, i5-10400 ni cha kumi. Muuzaji akisema tu “hii ni i5”, bado hajakwambia kitu.

Ya kuunganisha

Hapa unalipia unachokihitaji. Kipuri kikiharibika unabadilisha hicho tu, na baada ya miaka michache unaweza kuongeza uwezo bila kununua mashine nyingine. Kijana wa sekondari akikaa pembeni ya fundi siku hiyo, atajifunza mengi kuhusu mashine hiyo.

Lakini kila kipuri kina dhamana yake. Kompyuta ikigoma kuwaka, muuzaji wa ubao anaweza kumlaumu wa kumbukumbu, naye wa kumbukumbu akamlaumu fundi. Vilevile, vipuri haviji na leseni ya Windows. Nakala ya wizi inaweza kuja na virusi. Asiye na bajeti ya leseni anaweza kuwekewa Linux, ambayo matoleo yake mengi ni ya bure na yanatosha kwa kusoma, kuandika na intaneti.

Usibane fedha kwenye pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kikiwa dhaifu kinaweza kuua vipuri vingine. Baadhi ya vya zamani vina swichi ya volti 115 na 230. Umeme wetu ni 230, hivyo angalia kabla ya kuchomeka. Wala usimruhusu mtoto akifungue, kwa kuwa kinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Njia ya katikati

Kwa familia inayotaka masomo, kuandika na video za kujifunzia, iliyokamilika yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi inatosha. Hakikisha ina kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD. Kama ina diski ya zamani inayozunguka, mwombe fundi akuwekee SSD. Mashine iliyokuwa ikijikokota itabadilika mno.

Chagua yenye keisi kubwa ukiweza. Zile ndogo za ofisini mara nyingi hutumia pawa saplai ya umbo lake zenyewe, na kuipata inaweza kuwa shida.

Kuunganisha kunafaa zaidi pale unapokuwa na fundi unayemwamini, au mtoto anayehariri video au kuchora michoro mizito. Kwa njia yoyote ile, tenga fedha ya UPS. Umeme ukikatika ghafla, kazi iliyoandikwa inaweza kupotea na diski kuharibika.

Usisahau meza na kiti

Kompyuta nzuri kwenye stuli mbovu itamuumiza mgongo. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo. Miguu ikanyage sakafu. Isipofika, weka kigoda.

Kila baada ya dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Mchana atoke nje acheze, kwa kuwa muda wa nje husaidia kuwakinga watoto na tatizo la kutoona mbali. Kwa wenye miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na kwa walio chini ya hapo haushauriwi kabisa.

Na kama mtoto bado anasogeza uso kwenye kioo au anakunja macho ili asome, kumkuzia maandishi hakutoshi. Mpeleke akapimwe macho.