Bendera na Nembo ya Taifa la Tanzania

Bendera ya Tanzania imegawanywa kwa mshazari. Mkanda mweusi hupanda kutoka kona ya chini penye mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, ukiwa umepakana na mistari miwili myembamba ya rangi ya dhahabu. Sehemu iliyo upande wa mlingoti ni ya kijani, na ile ya upande unaopepea ni ya bluu. Imekuwa hivyo tangu tarehe 30 Juni 1964, miezi miwili baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, na mchoro wake hauelezeki vizuri bila kuzitazama kwanza bendera mbili zilizoutangulia.

Chini ya utawala wa Waingereza, Tanganyika ilikuwa na bendera nyekundu yenye bendera ya Uingereza pembeni na kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe. Twiga aliondoka kwenye bendera pamoja na Waingereza, ingawa hadi leo ndiye mnyama wa taifa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera hiyo iliteremshwa jijini Dar es Salaam, ikapandishwa mpya ya kijani, nyeusi na kijani, mikanda yake ikiwa imelazwa na kutenganishwa kwa mistari ya dhahabu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda aliifikisha bendera ya taifa jipya, pamoja na Mwenge wa Uhuru, kwenye kilele cha Kilimanjaro, ambacho tangu hapo kinaitwa Uhuru. Rangi za bendera hiyo hazikuwa ngeni kwa wananchi. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 na kuongoza harakati za uhuru. Kilichoongezwa ni dhahabu.

Zanzibar ilipita njia yenye misukosuko zaidi. Bendera ya masultani ilikuwa nyekundu tupu. Ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, katikati ya wekundu huo likawekwa duara la kijani lenye karafuu. Bendera hiyo ilidumu mwezi mmoja tu, kwani Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa pamoja na utawala wenyewe. Kabla ya mwezi huo kwisha, Zanzibar ilikuwa imechukua mikanda mitatu ya chama cha Afro-Shirazi: bluu juu, nyeusi katikati na kijani chini.

Kwa hiyo nchi hizo zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, rangi zenyewe hazikuwa na ugomvi. Kijani na nyeusi zilikuwa kwenye bendera zote mbili. Tanganyika ilikuja na dhahabu yake, Zanzibar ikaja na bluu yake, na hakuna upande uliolazimika kuacha rangi hata moja. Shida ingekuwa kwenye mpangilio, maana mikanda ikilazwa lazima mmoja ukae juu na mwingine chini. Mshazari uliliondoa suala hilo. Kijani inashika mlingoti wote, bluu inashika ukingo wote wa upande wa pili, na nyeusi inapita katikati ikizigusa pande zote mbili. Ni suluhisho la kiungwana, na pengine ndiyo sababu bendera hii haijaguswa tangu wakati huo.

Maana zinazofundishwa shuleni hazitaji vyama. Kijani ni uoto na ardhi ya kilimo, dhahabu ni madini, nyeusi ni wananchi, na bluu ni maji: bahari, maziwa na mito. Maana hizo ni za kweli kwa nchi yenye Bahari ya Hindi upande mmoja na maziwa ya Victoria na Tanganyika upande mwingine, lakini zimekuja juu ya rangi ambazo tayari zilikuwa na historia yake ya kisiasa.

Anayepandisha bendera hana budi kuutazama mkanda mweusi. Ukiitazama kutoka upande wowote, mkanda huo lazima uanzie chini ya mlingoti na kupanda. Ukionekana unashuka kutoka juu ya mlingoti, bendera imepandishwa kichwa chini. Kwenye vituo vya polisi na ofisi za serikali hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Filimbi ikilia wakati huo, wapita njia walio karibu husimama wima hadi kazi iishe, na wakati wa maombolezo ya kitaifa bendera hupepea nusu mlingoti.

Nembo ya Taifa, ambayo wengi huiita Bibi na Bwana, ina mengi zaidi ya kusomwa. Katikati yake ni ngao yenye sehemu nne. Juu kabisa, kwenye rangi ya dhahabu, unawaka Mwenge wa Uhuru. Chini yake ipo bendera ya taifa. Sehemu ya tatu ni nyekundu, rangi ya udongo wenye rutuba, na ndani yake jembe na shoka vimepishana. Ya nne ina mawimbi ya bluu na meupe. Mkuki uliosimama unapita katikati ya ngao kuonyesha ulinzi wa uhuru. Jembe na shoka hivi visichanganywe na jembe na nyundo, alama ya Chama cha Mapinduzi kilichozaliwa mwaka 1977 kwa kuunganisha TANU na Afro-Shirazi. Hivyo ni vya chama, si vya taifa.

Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro na kuzungukwa na pembe mbili za ndovu. Pembe moja imeshikwa na mwanamume na nyingine na mwanamke, kwa ishara ya ushirikiano. Miguuni pa mwanamume upo mkarafuu, na miguuni pa mwanamke upo mpamba, yaani zao la Visiwani na zao la Bara yakibeba uchumi mmoja. Chini kabisa kuna utepe wenye maneno Uhuru na Umoja.

Kuhusu mkono ulioichora nembo hii, majina zaidi ya moja yametajwa. Linalojulikana zaidi ni la Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, mzee aliyefariki Dar es Salaam mwezi Mei 2017, muda mfupi baada ya vyombo vya habari kulitangaza dai lake na hali duni aliyokuwa akiishi. Inasikitisha kwamba mchoro unaotazamwa kila siku kwenye noti, pasipoti na kuta za mahakama ulikuwa haujamletea sifa wala riziki.

Matumizi ya bendera na nembo yanasimamiwa na sheria ya mwaka 1971, ambayo hairuhusu alama hizo kutumiwa kibiashara bila kibali. Zanzibar nayo tangu Januari 2005 ina bendera yake tena: mikanda ileile ya bluu, nyeusi na kijani, na kwenye kona ya juu ya mlingoti imewekwa bendera ndogo ya Muungano. Bendera hiyo hupepea Visiwani. Kwenye Umoja wa Mataifa na kwenye balozi zote, inayopepea ni ile ya mwaka 1964.