Ushuru wa vitunguu Singida: Umetoka sokoni, unarudije kwa mkulima?

MALORI yanayopakia vitunguu katika soko la Misuna, mjini Singida, yanaacha fedha pande mbili: kwa mkulima na kwa Halmashauri ya Manispaa. Mkulima anajua alichopata. Wachache wanafuatilia sehemu ya pili.

Ushuru wa mazao, ushuru wa soko na leseni za biashara ndiyo mapato ya ndani ya halmashauri. Kutokana na fungu hilo, pamoja na ruzuku ya Serikali Kuu, soko linasafishwa, taka zinazolewa na zahanati inajengwa.

Kisheria, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Hata hivyo, mnunuzi mjanja huuingiza katika bei, mkulima akajikuta ndiye aliyeulipa. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Anayeuza mazao yake hana budi kuuliza kabla ya kupatana bei, na risiti itolewe.

Lakini hasara kubwa kuliko ushuru ni lumbesa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Tuchukulie kilo moja ya vitunguu ni Sh 1,000. Gunia lililoshindiliwa hadi kilo 130 likiuzwa kama la kilo 100, mkulima amepoteza Sh 30,000. Ushuru wa asilimia 2 kwa gunia la Sh 100,000 ni Sh 2,000 tu. Halmashauri nayo inapoteza, kwa kuwa kilo 30 zimepita bila kuhesabiwa. Ndiyo maana mizani sokoni, chini ya usimamizi wa Wakala wa Vipimo, ina faida kwa pande zote mbili.

Njia nyingine ya fedha hizo kumrudia mwananchi ni mikopo. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Kwa Singida, kikundi kinaweza kukopa kwa ajili ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, mizinga ya nyuki au ukamuaji wa alizeti.

Mwaka 2023 Serikali iliisitisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho hafifu, kisha mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Somo lake ni moja: kikundi kisichorejesha kinakifungia mlango kikundi kinachofuata.

Wanaotaka mkopo waanze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na mradi unaoeleweka.

Ni vema pia kujua nani anaulizwa nini. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji ya mjini ni ya SUWASA. Soko, usafi na mikopo ni vya halmashauri. Mahali pa kuanzia kuuliza ni mkutano wa mtaa au wa kijiji, ambako taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa. Mlipa ushuru asiyehudhuria anawaachia wengine wampangie matumizi ya jasho lake.