Wikendi Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu

Basi la Gisenyi hupandwa Nyabugogo, Kigali. Ni kona juu ya kona kwa saa tatu au zaidi, mpaka Ziwa Kivu litokeze ghafla chini ya milima. Maji yako mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Dar au Mombasa asiache sweta nyumbani. Arudishe na saa yake nyuma kwa saa moja.

Wengi hukosea tarehe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa na mabasi hayaendi. Afadhali kufika Ijumaa.

Mchana ni wa kuogelea na kutembea chini ya miti ya ufukweni, lakini utamu wa Gisenyi ni magharibi. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza kama sharubu za kamba, hutoka na taa kwenda kuvua sambaza huku wavuvi wakiimba. Dagaa hao waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hukaangwa wakakauka, wakaliwa wazimawazima, kichwa na mkia.

Kesho yake kuna chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kusini mwa mji. Joto hilo si mzaha: volkano jirani ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba za Gisenyi.

Mji wa Goma, Kongo, uko ng'ambo tu ya kizuizi cha mpaka. Kabla ya kuvuka, ulizia hali ya usalama siku hiyohiyo.