Kujifungulia Nyumbani Uingereza: Bei, Mkunga na Umbali wa Hospitali

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia mama kajifungulia nyumbani, tunadhani hospitali ilikuwa mbali au uchungu ulimwahi. Uingereza ni jambo la kupanga. Mkunga wa kliniki hukuuliza mapema ungependa kuzalia wapi, ingawa wanaochagua nyumbani ni wachache, kama akina mama 2 tu katika kila 100 huko England na Wales.

Pesa kwanza. Mama mwenye ukazi halali England, pamoja na yule aliyelipa ada ya afya alipoomba viza, hatozwi kitu na NHS, yaani huduma ya afya ya umma: kliniki, vipimo, wakunga wa siku yenyewe, hata gari la wagonjwa likihitajika. Dawa za kuandikiwa na matibabu ya meno ni bure wakati wa mimba na miezi 12 baada ya kujifungua. Anayebanwa ni yule asiye na haki hiyo, kwa mfano aliyekuja kwa viza ya matembezi. Huyo anaweza kudaiwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Lakini huduma ya uzazi hairuhusiwi kunyimwa wala kucheleweshwa kwa sababu mama hajalipa. Deni la pauni 500 au zaidi lisiposhughulikiwa kwa miezi miwili linaweza kufika Wizara ya Mambo ya Ndani na kumkwamisha katika maombi ya viza baadaye, kwa hiyo zungumzeni na hospitali mapema kuhusu kulipa kidogokidogo. Nawasihi dada zangu: msikae bila mkunga kwa kuogopa bili.

Njia ya pili ni mkunga binafsi. Gharama yake kwa kawaida ni kati ya pauni 2,000 na 5,000, na London huweza kuzidi hapo. Unachonunua hasa ni sura moja: yuleyule aliyekupima tumbo wiki ya 16 ndiye atakayekuja usiku wa uchungu, na ndiye atakayerudi kukutazama unyonyeshaji. Jambo hilo lina thamani kubwa, hasa kwa mama aliyetendewa vibaya katika uzazi uliopita. Hata hivyo, kabla hujatoa akiba yako, uliza kama hospitali ya eneo lenu ina kikundi cha wakunga wa kuzalisha nyumbani. Pengine utapata sura mbili tatu unazozijua bila kulipa hata senti. Ukiamua kulipa, hakikisha jina lake limo katika rejista ya wakunga ya taifa, uone kwa maandishi kwamba bima yake inahusu uzazi wenyewe na si kliniki peke yake, na uulize kama ada ya mkunga wa pili imo. Doula ni mtu mwingine kabisa: anafariji, anakanda mgongo, lakini hazalishi, na sheria haimruhusu.

Sasa lililo zito kuliko bei. Utafiti mkubwa wa England uliotolewa mwaka 2011 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 64,000 ambao mimba zao hazikuwa na matatizo. Kwa waliokwisha kuzaa, kupanga kuzalia nyumbani hakukuongeza hatari kwa mtoto, na upasuaji ulipungua. Kwa uzazi wa kwanza, madhara makubwa kwa mtoto yalikuwa takriban 9 kati ya 1,000 nyumbani, na 5 kati ya 1,000 katika wodi ya madaktari. Tena, katika kila wazazi wa mara ya kwanza 100, karibu 45 walihamishiwa hospitali. Kwa waliokwisha kuzaa ni 12 hivi. Sababu ya kawaida ni uchungu kuchukua muda mrefu bila njia kufunguka, au mama kutaka sindano ya mgongo, ambayo nyumbani haitolewi.

Ndiyo maana kwa mtoto wa kwanza mimi ningechagua kitengo cha wakunga kilicho ndani ya hospitali. Kina bwawa la maji na utulivu, na utafiti uleule haukuona hatari ya ziada kwa mtoto huko. Kuhamishwa bado kupo, lakini ni kusukumwa kwenye korido. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, mapacha au kovu la upasuaji azungumze na daktari bingwa kabla ya kuamua.

Siku ikifika, unapiga simu, anakuja mkunga mmoja, na wa pili huitwa mtoto anapokaribia. Wanaingia na mabegi: mtungi wa gesi ya kuvuta kupunguza maumivu, kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto, sindano ya kuzuia damu kutoka nyingi, kifuko na barakoa ya kumpumulisha mtoto, uzi wa kushonea, mizani. Wewe andaa taulo kuukuu, shuka za plastiki, taa yenye mwanga wa kutosha na chumba chenye joto. Bwawa la kujaza upepo mara nyingi unakodi mwenyewe.

Kondo la nyuma likishatoka, wakunga hukaa nawe saa chache, kisha hurudi siku inayofuata. Siku ya tano hivi mtoto hutobolewa kisigino kwa kipimo cha damu. Wakunga wanaweza kukuaga kuanzia siku ya kumi, ukapokewa na muuguzi wa watoto. Nani atakupikia uji na kukukanda mpaka arobaini itimie, hilo NHS haina jibu. Lipange na ndugu mapema, maana tiketi ya mama yako kutoka Mombasa au Dar pamoja na viza yake huenda ikawa gharama kubwa pia.

Maswali mawili usiyaache kliniki. Wakunga wakipungua usiku huo, mpango ni upi? Huduma hii wakati mwingine husimamishwa ghafla kwa uhaba wa watu. Na kutoka mlangoni kwako hadi chumba cha upasuaji ni dakika ngapi? Anayeishi ghorofa ya nne bila lifti ahesabu na ngazi, na begi la hospitali lifungwe mapema lisubiri mlangoni.