Mkolani: kodi ya nyumba na nauli ya mwanafunzi

Dalali wa Mkolani akikutembeza kuangalia nyumba atakutajia umbali kutoka lami, maji, Luku ya kujitegemea na fensi. Shule hataitaja mpaka umuulize. Bei ya nyumba za kupanga upande huu wa Nyamagana, Mwanza, inafuata barabara ya Shinyanga: kadiri mlango ulivyo karibu na daladala za mjini, ndivyo kodi inavyopanda. Shule haimo kwenye bei hiyo, na kwa familia yenye watoto watatu hilo ni kosa la hesabu linaloumiza kila mwezi.

Ada ya shule ya serikali haipo tena. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Iliyobaki ni gharama ya kufika, na hiyo ndiyo inayotofautisha shule ya mjini na ya pembezoni. Wazazi wengi wanaohama Mbugani, Mirongo au Pamba kufuata nafuu ya kodi humwacha mtoto katika shule ile ile ya zamani, kwa kuwa ina jina na walimu wanamjua. Tupige hesabu. Kwa viwango vya LATRA vya Desemba 2023, mwanafunzi hulipa shilingi 200 kwa safari, yaani 400 kwenda na kurudi. Kwa siku 194 za masomo, mtoto mmoja anakula shilingi 77,600 kwa mwaka. Watatu ni 232,800, sawa na 19,400 kila mwezi. Nyumba ya Mkolani ikiwa nafuu kuliko ya mjini kwa chini ya kiasi hicho, mpangaji hajaokoa kitu.

Tena hapo hatujamhesabu mtoto wa darasa la kwanza, ambaye lazima asindikizwe. Mtu mzima analipa 600 kwa njia isiyozidi kilomita kumi. Kumpeleka mtoto na kurudi nyumbani ni 1,200 kabla ya chai. Hatujahesabu usingizi pia. Kwa kondakta, viti vitatu vya wanafunzi vinaingiza fedha ya kiti kimoja cha mtu mzima, kwa hiyo asubuhi ya foleni sare ya shule husubiri gari la pili na la tatu. Mtoto anaamka gizani, anafika amechoka, na mzazi anashangaa kwa nini alama zinashuka katika shule nzuri. Mimi nasema wazi: mtoto wa chini ya darasa la tano asipande daladala kwenda shule ya serikali ikiwa ipo nyingine anayoweza kuifikia kwa miguu.

Lakini je, hiyo ya karibu ina nafasi? Shule za mjini zimebanwa na ardhi. Zinapojaa hugawanywa A na B ndani ya uwanja mmoja, kila moja na mwalimu mkuu wake, huku vyoo na kivuli vikibaki vile vile. Pembezoni ardhi ipo, ila nyumba hutangulia na madarasa hufuata. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana, na viwanja vipya viko huku kusini, Mkolani na Buhongwa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, uhesabu vichwa dirishani. Muulize mwalimu kama kuna awamu ya mchana. Ruzuku ni shilingi 10,000 tu kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu, kwa hiyo uji na mlinzi huamuliwa kwenye kikao cha wazazi. Uliza walikubaliana nini.

Matokeo nayo yasomwe kwa makini. Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, ila matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi, pamoja na idadi ya watahiniwa. Angalia darasa la nne na la saba kwa miaka mitatu mfululizo. Wastani mzuri wa watahiniwa 60 haufanani na ule ule wa watahiniwa 250: huo wa pili ni kazi kubwa ya walimu, na shule hiyo inastahili kupangiwa nyumba jirani.

Kikwazo kingine ni mkataba. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na wenye nyumba wengi wanadai miezi sita au mwaka mzima mkononi. Mwaka wa shule unaanza Januari. Ukilipa mwaka mzima mwezi wa Juni, mkataba utaisha katikati ya masomo, na mwenye nyumba akipandisha kodi utamhamisha mtoto mwezi mbaya. Anayeingia Juni au Julai aombe miezi sita kwanza, kisha aanze mwaka kamili Januari. Uhamisho wa shule unahitaji barua na namba ya mtoto ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Uanze kabla ya kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja anayodai kama ujira wake.

Wenye watoto wakubwa watazame mbele zaidi. Kwa sera mpya, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 sekondari za kata zitapokea makundi mawili kwa mkupuo, na wanafunzi wa kutwa hupangwa kufuatana na shule ya msingi walikomalizia. Kabla ya kusaini mkataba Mkolani, pita sekondari ya kata uone kama msingi wa madarasa mapya umeshachimbwa.