Dawa ya Bakteria Kwenye Nyanya: Uliza Ni Ipi

Mama anayechagua nyanya Kashaulili, hapa Mpanda mjini, hawezi kujua zilipuliziwa nini. Akiambiwa ni “dawa ya bakteria tu, haina kemikali,” anatulia. Ana haki ya kutulia nusu, maana jina hilo hubeba vitu viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza ni bakteria wenyewe, Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, fuwele za protini za Bt huyeyuka kwenye utumbo wake wenye hali ya magadi, kisha sumu hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kuutoboa. Tumbo letu lina asidi, na utumbo wetu hauna pa kuishikia sumu hiyo. Kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, hutumia aina nyingine ya bakteria hao kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu.

Lakini Bt ana undugu wa karibu na Bacillus cereus, yule wa kiporo cha wali kinachoharisha. Baadhi ya Bt wana vinasaba vya sumu ya kuharisha, na spora zao hustahimili kuchemshwa. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa visa vingi vya kuugua kutokana na kundi hili huhusishwa na chakula chenye bakteria zaidi ya 100,000 kwa gramu. Kwa hiyo osha mboga, na mchuzi usiachwe vuguvugu mchana kutwa, bakteria wakaongezeka. Mpuliziaji naye akinge macho: mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti kijana mkulima aliyerukiwa na dawa ya Bt jichoni akapata kidonda kwenye kioo cha jicho.

Cha pili ndicho kinachonitia hofu: abamektini, inayopuliziwa dhidi ya kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeonekana nchini mwaka 2014. Hii si bakteria hai, ni sumu inayotokana na bakteria wa udongoni. Ukiimeza kwa wingi hushambulia neva, presha hushuka, mtu huzimia na anaweza kufa. Ivermektini tunayomeza kutibu usubi ni ya ukoo huohuo, ila ile hutolewa kwa kipimo.

Kwenye duka la pembejeo, basi, usiridhike na neno “bakteria”. Soma jina la kiambato, namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, iache hapohapo.