UZI: "Dawa ya bei rahisi ni feki." Hebu tuanzie Griftu

1/ Mjadala wa hospitali ukipamba moto Wajir, hakosi mtu wa kusema: "Wanatuletea dawa za bei rahisi, feki tupu!" Bei rahisi na feki ni vitu viwili tofauti. Twende pole pole.

2/ Dawa huwa na majina mawili. Panadol ni jina la biashara. Parasetamoli ndiyo dawa yenyewe. Kampuni iliyovumbua dawa hupewa hataza ya miaka 20, wengine wasiitengeneze. Muda ukiisha, wanaruhusiwa. Hiyo yao ndiyo jeneriki. Ni nafuu kwa sababu hawakugharamia utafiti wa mwanzo, tena wanashindana bei.

3/ Inatibu sawa? Iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu inatakiwa kuwa na dawa ileile, kipimo kilekile. Rangi na umbo si hoja. Ila dawa kama za kifafa, usibadilishe kampuni bila kumuuliza daktari.

4/ Feki ni ile inayodanganya: jina la uongo, au ndani hamna kitu. Sheria ya bidhaa ghushi ya 2008 ilichanganya hayo mawili. Watu watatu wanaoishi na HIV wakaenda kortini, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba ilihatarisha haki yao ya uhai na afya.

5/ Kwa nini walipigana? ARV za majina makubwa zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 Cipla ya India ikatangaza jeneriki kwa dola 350.

6/ Sasa rudi Griftu. Mama ameandikiwa dawa kwa jina la biashara, hospitalini haipo, anaambiwa akanunue nje. Kama ameaminishwa kwamba jeneriki ni feki, atauza mbuzi kutafuta jina, ama anunue nusu dozi. Hapo ndipo maneno ya jukwaani yanaumiza.

7/ Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti. Basi uliza ya maana: Dawa zimesajiliwa? Zimelipiwa, zikafika kwa wakati? Stoo ina joto gani? Pakiti nyingi zinasema chini ya nyuzi 30, na jua la Wajir mnalijua. Dawa ikiharibikia stoo, jina kubwa haliiokoi.

8/ Nawe ukiandikiwa dawa, uliza tu: "Daktari, dawa yenyewe inaitwaje? Kuna ya kampuni nyingine?" Swali hilo linaweza kuokoa mbuzi.